Utunzaji na Utakasaji

Kuna kazi ambazo thamani yake haiulizwi, kwa kuwa faida yake huonekana siku ile ile. Mwashi huonyesha ukuta, mvuvi huonyesha samaki, na tabibu huonyesha mgonjwa aliyeinuka kitandani. Kazi ya mjuzi wa mimea si ya namna hiyo. Yeye hutumia ujana wake kutofautisha jani na jani, na afapo yamkini asiache kitu ila karatasi zilizobandikwa maua makavu. Watu humwuliza anakula nini. Mimi nataka kuuliza jambo jingine: anapoitwa kuitakasa ardhi iliyochafuliwa na mwingine, je, anatenda wema, au anamfulia mkosaji nguo ili akakose tena?

Swali hili nililetewa na binti mmoja aliyehitimu elimu ya mimea, ambaye zamani alipenda kuja kusikiliza mihadhara yangu ya ushairi. Alikuja na barua mbili. Ya kwanza ilimwita kwenye nyumba ya kuhifadhia mbegu na mimea mikavu, kwa mshahara mdogo. Ya pili ilitoka kwa wachimbaji wa madini, waliotaka mtu wa kuotesha nyasi juu ya vifusi vyao, kwa mshahara mara tatu ya ule. Akasema, "Mwalimu, nyumbani wapo wadogo zangu wanne wanaosoma kwa jasho la mama. Nikienda kwenye mbegu nitapata amani isiyolika. Nikienda kwenye vifusi nitawalisha, lakini naogopa kufanywa pazia." Sikumjibu siku ile. Nilimwomba juma moja nitafakari.

Fikira zangu zilikwenda Katanga, kwa sababu huko, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, utunzaji na utakasaji vimekutana juu ya kilima kimoja. Vipo Katanga vilima ambavyo udongo wake una shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingi. Miti ya miombo huishia chini yake, na juu hubaki nyasi na maua madogo yaliyozoea sumu hiyo, mengine yakiwa hayaoti mahali pengine popote duniani. Mojawapo ya mimea ya udongo huo huitwa na wajuzi Haumaniastrum katangense, nalo ndilo ua la shaba. Wafua shaba wa kale, waliotengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, waliyeyusha mawe yao, wakaenda zao. Ua likaota pale walipoacha taka za tanuri. Karne nyingi baadaye wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata ua hilo, likawaongoza hata kwenye tanuri zilizosahauliwa.

Mwaka 1963 Paul Duvigneaud na mwenzake Denaeyer-De Smet walichapisha uchunguzi wao juu ya shaba na mimea ya Katanga. Baada yao François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, aliendelea kuichunguza mimea hiyo. Mtu aliyewaona wakipiga magoti juu ya kilima chenye utajiri chini yake, wao wakiandika majina ya nyasi, angeweza kuwadhani wapumbavu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1911 tanuri la kuyeyushia shaba lilianza kazi Lubumbashi. Upepo wa huko aghalabu huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulilalia kaskazini-magharibi miaka nenda miaka rudi. Miti ikafa, nyasi zikafuata, mvua ikachukua udongo wa juu, pakabaki uwanja mtupu wenye vumbi la madini karibu na nyumba za watu. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walipotafuta dawa ya jeraha hilo, mojawapo ya dawa walizozijaribu ilikuwa jani dogo la vilima vya shaba, Microchloa altera, lililopandwa kwa msaada wa chokaa na mboji. Jani hilo haliiondoi shaba. Hulishika vumbi lisipeperuke mpaka jikoni, na huushika udongo usiteremke mpaka mtoni.

Hapo nilipata hoja yangu ya kwanza. Mtakasaji hukopa kwa mtunzaji. Kama asingalikuwapo mtu wa kulijua jani lile na kulipa jina wakati halikuwa na bei, siku ya haja lisingalionekana. Nyumba ya mbegu, basi, ni hazina ambayo deni lake hudaiwa na watu wasiozaliwa bado.

Hoja ya pili ni mpaka wa utakasaji wenyewe. Madini hayaozi. Ipo mimea inayoweza kuyavuta kwa mizizi na kuyapandisha majanini, lakini hapo jani lenyewe huwa sumu, nalo sharti likatwe, lichomwe, na majivu yake yalindwe. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, alizeti zilielezwa juu ya maji ya kidimbwi karibu na mahali pale ili mizizi yake ivute mata za mnururisho; zilivuta, lakini mzigo ulihama tu kutoka majini kuingia katika alizeti. Mmea ni hamali, si mlaji. Tena ni hamali wa mwendo wa pole: kilichomwagwa kwa siku moja huweza kudai miaka mingi ya kuotesha na kuvuna. Asemaye, "Chafueni, tutaotesha," ama hajui mimea, ama anajua na anadanganya. Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutwambia kwamba kuta hujengwa kwa majani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na vilima vinavyochimbwa ndivyo vile vile vyenye maua. Katika baadhi yake wajuzi huitwa wakusanye mbegu na kuhamisha mimea kabla kilima hakijapasuliwa. Mjuzi akikataa, kilima kitachimbwa na mbegu itapotea. Akikubali, mbegu huenda ikaokoka, lakini jina lake litapigwa kama muhuri juu ya uharibifu.

Wapo watakaosema kwamba mwenye heshima hukataa. Mimi siwaungi mkono. Mtoto anayecheza upande uendako moshi hana faida na usafi wa moyo wa mtu aliye mbali. Ana faida na jani linaloshika vumbi. Usafi unaonunuliwa kwa kifua cha mtoto wa mwingine ni ubinafsi uliovaa kanzu nyeupe. Wala sina haki ya kumtaka binti maskini awe kama watunza mbegu wa Leningrad, ambao katika mazingiwa ya miaka 1941 hadi 1944 baadhi yao walikufa njaa huku mbegu za kuliwa zikiwazunguka. Ushujaa kama ule huheshimiwa. Hauagizwi kwa mtu mwingine.

Lakini kukubali kazi si kukubali yote. Kutakasa kosa lililokwisha ni tiba. Kutakasa ili kosa liendelee ni ushirika. Mikono ni ile ile, nyasi ni zile zile, ila nia na wakati vimetofautiana. Na kipimo cha tofauti hiyo kiko kinywani. Mshahara una haki ya kununua mikono na saa za mtu. Hauna haki ya kununua ulimi wake. Mtakasaji aliye huru kusema, "Hapa pameota, hapa hapajaota, na pale hapataota kamwe," ni tabibu. Akinyamazishwa amekuwa pazia, hata bustani yake ipendeze namna gani.

Binti aliporudi nilimweleza haya. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na wakinifukuza kwa kusema?" Nikamjibu, "Utapoteza mshahara, mwanangu, na utakuwa umejua ulikuwa unanunua nini." Alinyamaza kitambo. Nilijua kwamba ni rahisi kwangu kusema, mimi ambaye mshahara wangu hautegemei kifusi cha mtu.

Aliwaandikia wachimbaji, akitaka iwekwe katika mkataba kwamba vipimo vyake vya udongo vitasomwa na wanakijiji pia. Barua ya nyumba ya mbegu ameiweka mkobani, haijajibiwa. Ninapoandika maneno haya, jibu la wachimbaji halijafika.