Je, Mtu Aweza Kuzitunza Siri Zake Katika Intaneti?

Miezi michache iliyopita kijana mmoja alitujia na swali, akataka tulijibu katika gazeti hili. Aliuliza hivi: "Je, mtu atumiaye intaneti aweza kujikinga na macho ya wapelelezi, au ajisumbua bure?" Tulimwahidi jibu, huku tukidhani moyoni kwamba swali hili ni la mafundi tu, wala halituhusu sana sisi tulio watu wa kawaida. Kabla hatujashika kalamu likatupata jambo lililotuonyesha ujinga wetu.

Siku ya Jumanne, saa mbili ya asubuhi, simu yetu ililia. Mtu tusiyemjua akatuita kwa jina letu na kwa cheo chetu, akasema, "Mwambie mtu wako alipe deni." Tukamwuliza ni mtu gani. Akamtaja fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, akaongeza matusi yasiyofaa kuandikwa hapa. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 80,000, lililokopwa kwa programu ya simu. Sisi hatukumdhamini fundi yule, wala hatukujua kwamba amekopa. Jioni tulipokwenda kwake tulikuta mlango umefungwa mchana kutwa. Mkewe akatwambia kwamba mumewe hajala tangu jana, kwa kuwa wamekwisha kupigiwa simu shemeji zake, mwalimu wa watoto, wateja wake, hata mwenye nyumba. Naye fundi alipotoka alisema neno moja tu: "Deni nitalilipa kwa wiki mbili. Haya mengine nitayalipa kwa nini?"

Tukataka kujua mkopeshaji ameyapata wapi majina yetu. Jibu lilikuwa rahisi. Fundi alipoiweka programu ile katika simu yake, iliomba ruhusa ya kuyasoma majina na namba zote zilizomo. Alikuwa na haraka, mtoto anaumwa, akabonyeza "Ndiyo." Mara ile watu wote waliomo katika simu yake, nasi tukiwamo, wakawa rehani ya mkopo wasioujua. Wala jambo hili halikumpata yeye peke yake. Katika Kenya, mwezi wa Septemba 2023, ofisi ya serikali ilindayo taarifa za watu iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa sababu ya kuyatumia hivyo majina na namba za watu wasiokopa kitu. Hapa kwetu Benki Kuu ilitangaza, Novemba 2024, orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni.

Basi turudi kwa kijana na swali lake. Yeye hakuwa akiwaza wakopeshaji. Aliwaza serikali kubwa na mashirika makubwa, na ni haki tuanzie huko.

Mwezi wa Juni 2013 Mmarekani aitwaye Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za idara ya upelelezi iitwayo NSA, alikutana na waandishi wa habari katika Hong Kong, akiwa amewapa hati nyingi za siri. Hati ya kwanza kutangazwa ilikuwa amri ya mahakama. Iliiagiza kampuni ya simu Verizon iipe idara ile, kila siku, habari za simu za wateja wake: namba gani imeipigia namba gani, saa ngapi, na kwa muda gani. Maneno yenyewe hayakuwamo. Wako waliosema, basi pana ubaya gani, ikiwa hawasikii tusemayo?

Na tufikiri kidogo. Mtu apiga simu asubuhi kwa daktari wa kifua. Kisha azungumza na dada yake saa nzima, jambo asilolifanya kwa kawaida. Jioni ampigia dalali wa viwanja. Ni nani kati yetu asiyeweza kuisoma habari hii, ijapokuwa hakusikia neno hata moja? Bahasha peke yake, kwa mtu azikusanyaye bahasha zote za mwaka mzima, yasema kuliko barua. Tena barua huweza kudanganya. Bahasha haidanganyi kwa urahisi. Mwaka 2015 bunge la Marekani liliikomesha kazi ile ya kuzikusanya habari za simu zote pamoja, na tarehe 2 Septemba 2020 mahakama ya rufani ya huko ikatamka kwamba ilikuwa kinyume cha sheria. Miaka saba ilikuwa imepita.

Je, maneno yaliyomo ndani ya bahasha yaweza kufichwa? Hapa twafurahi kujibu kwamba yaweza, na vema kuliko watu wengi wadhanivyo. Iko hesabu iwezayo kuyafunga maneno hata asiweze kuyasoma mtu mwingine yeyote ila yule aliyeandikiwa. Hata kampuni iyachukuayo haiwezi. Tangu Aprili 2016 WhatsApp huyafunga hivyo maneno ya watu wote waitumiao. Mwaka ule ule wenye programu iitwayo Signal walipokea amri ya mahakama katika Marekani, ya kutoa habari za mtu fulani. Walitoa walizokuwa nazo, nazo zilikuwa mbili: siku mtu huyo alipojiandikisha, na siku aliyoitumia programu mara ya mwisho. Hawakukaidi amri, hawakuwa na kingine. Asemaye kwamba kujikinga ni kazi bure hana budi kuifikiri habari hii. Mtu asiyehifadhi kitu hawezi kunyang'anywa kitu.

Lakini kufuli ya mlangoni haimzuii mwizi aliyekwisha kuingia. Mwaka 2019 WhatsApp ilitangaza kwamba simu zipatazo 1,400 zimeshambuliwa kwa Pegasus, programu ya kampuni ya Israeli iitwayo NSO, ambayo huiuzia serikali. Programu ya namna hii hukaa ndani ya simu yenyewe, ikayasoma maneno pale pale mwenyewe ayasomapo, yakiwa yamekwisha kufunguliwa. Mtu awindwaye hivyo hatujui la kumwambia, ila aiweke simu mbali anaponena. Walakini chombo hiki ni cha gharama kubwa, nao wanaowindwa nacho ni waandishi, mawakili, wapinzani wa watawala, na jamaa zao. Wengi wetu hatutakitumiwa kamwe. Hatari yetu i karibu zaidi, kama tulivyoona kwa fundi wetu.

Katika habari ya Snowden liko jambo dogo ambalo wengi hulipita, nasi twaliona kuwa kubwa. Mwisho wa mwaka 2012 alimwandikia mwandishi Glenn Greenwald, akaaye Brazil, akimsihi aweke katika mashine yake programu ya kuzifunga barua pepe, ili aweze kumwambia jambo zito. Greenwald aliona kazi ile ina usumbufu, akaiahirisha. Snowden hakuweza kuendelea. Mwaka 2013 ulipoanza akamwendea mwandishi mwingine, Laura Poitras, aliyejua kufunga na kufungua. Hebu tazameni: huyu alikuwa mtu azijuaye kufuli zote za dunia, naye akashindwa kunena kwa siri na mtu mmoja, kwa kuwa mwenziwe hakuwa na ufunguo. Mambo ya faragha hayako kama nguo, ambayo mtu hujivika peke yake. Yafanana zaidi na ukuta kati ya nyumba mbili, ambao jirani akiubomoa upande wake, na upande wako umebomoka.

Mifano iko mingi, tutaje miwili. Mwaka 2014 watu kama 270,000 waliijibu hojaji moja katika Facebook, wakaruhusu habari zao zichukuliwe. Pamoja na hizo zilichukuliwa habari za rafiki zao, ambao hawakuulizwa. Jambo lilipofichuka mwaka 2018, Facebook yenyewe ilikiri kwamba huenda waliochukuliwa hivyo wafika milioni 87. Habari zile zilikwenda kwa kampuni iitwayo Cambridge Analytica, iliyofanya kazi ya kuwageuza watu mawazo wakati wa uchaguzi. Na mkubwa wake mmoja alinaswa na kamera ya siri akijisifu kwa kazi yao katika chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. (Kama kujisifu kule kulikuwa kweli yote, au nusu yake biashara, ni shauri jingine.) Mfano wa pili ni wa mwaka 2023. Wezi waliingia katika akaunti 14,000 hivi za kampuni ya Marekani 23andMe, ambayo watu huipelekea mate yao ili wajue asili yao na ndugu zao. Kwa kuwa ndugu walikuwa wameunganishwa na ndugu, wezi wale walipata habari za watu milioni 6.9. Mtu mmoja alikuwa na neno la siri alilolitumia mahali pengine pia, na binamu zake asiowajua wakavuliwa nguo.

Sasa twafika penye neno tulisikialo kila mahali, hata vinywani mwa watu wema: "Mimi sina la kuficha. Asiye na kosa haogopi kuchunguzwa." Zamani nasi tulilisema. Leo twaliona kuwa neno la mtu anayejihesabu kuwa yuko peke yake duniani. Yawezekana wewe huna la kuficha. Je, dada yako, aliyekuandikia kwamba mumewe ampiga? Je, rafiki aliyekutumia picha ya cheti cha hospitali akikuomba ushauri? Hizo zimo katika simu yako, lakini si zako uzigawe. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Maana yake, hakuna awezaye kuishi bila kumfunulia mtu mwingine jambo lake. Mama wakati wa kuzaa humfunulia mkunga. Mkunga hakukosa kwa kuona. Lakini akitoka na kuyasimulia kisimani, amekosa. Hivyo faragha si kwamba asijue mtu hata mmoja. Ni kwamba ajue yule niliyemchagua, na likome kwake.

Wako watakaosema kwamba twawalemea maskini. Fundi wetu alihitaji dawa ya mtoto, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule wa programu. Tungemwambiaje asome kurasa ishirini za masharti, kwa lugha ya kigeni, usiku, mtoto akilia? Neno hili ni la haki, na kwa sababu hiyo hatuwezi kuliacha jambo zima juu ya kichwa cha mtumiaji. Kazi ya kumzuia mkopeshaji ni ya Serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Yafaa watu wajue kwamba iko, na kwamba mtu aweza kupeleka malalamiko yake katika Tume iliyowekwa. Fundi hakujua. Nasi hatukujua, hata tulipotafuta.

Juu ya mambo madogo hatutasema mengi, maana vijana wayajua kutupita: neno la siri liwe refu, wala lisiwe moja kwa milango yote; simu ipewe marekebisho yake mapya kila yanapotolewa; na akiba ya mazungumzo, ile iwekwayo mbali na simu, ifungwe pia, kwani WhatsApp imeruhusu hilo tangu 2021. Wewe ukiifunga yako na mwenzio akaiacha yake wazi, maneno yenu yote mawili yamelala nje.

Yatupasa kumaliza kwa kuungama. Tulipotoka kwa fundi usiku ule, tukiwa na hasira juu ya programu yake, tulimwita mwana wetu atazame simu yetu. Alikuta programu saba zilizopewa ruhusa ya kuyasoma majina. Moja tuliiweka mwaka juzi kwa ajili ya kupamba kadi za salamu za sikukuu, tukaitumia mara moja. Tena tuna desturi, kwa kuwa majina yafanana, ya kuandika kando ya jina neno la kutukumbusha. Mwana wetu aliyasoma kwa sauti, kisha akanyamaza, akaendelea kuyasoma kimya: "kesi ya shamba", "ndoa", "dawa za kifua kikuu", "mtoto wa nje". Majina yalikuwa 613. Ruhusa tumeziondoa zote, na maneno yale tumeyafuta. Yaliyokwisha kwenda hatuna njia ya kuyarudisha, wala hatujui yalikwenda wapi.

Mwana wetu akauliza, "Baba, na hawa watu wanajua?"

Tumeanza kuwaambia, mmoja mmoja, wale tuliowaandikia maneno kando. Wengi wamecheka, wakasema simu ni simu. Mama mmoja mzee hakucheka. Alituuliza ni mwezi gani tulioiweka programu ile, kisha akahesabu kwa vidole tangu siku alipotuletea shauri lake.