Buibui Asiyepitishwa Mbele ya Adamu

Kwenye vijia vya mashamba ya kakao ya Kyela, mvua zikishapungua, mtu anaweza kujikuta uso kwa uso na utando uliotandwa kutoka mgomba hadi mkakao, nyuzi zake ziking'aa rangi ya dhahabu. Katikati ananing'inia buibui mkubwa, miguu mirefu, kichwa kikielekea chini. Simu inatoka mfukoni, picha inapigwa. Ni buibui gani huyu? Ana sumu?

Kutaka jina ni jambo la kale. Katika sura ya pili ya Mwanzo, Mungu anamletea Adamu wanyama aone atawaitaje. Orodha ile ukiisoma polepole utakuta mifugo, ndege na wanyama wa mwituni. Vitambaavyo, vilivyotajwa sura ya kwanza, havimo. Buibui hakupitishwa mbele ya Adamu, na kazi ya kumpa jina ni kana kwamba wameachiwa watoto wa Adamu.

Nao wanaendelea nayo. Carl Clerck alichapisha kitabu cha buibui wa Sweden mwaka 1757, na mwaka 2022 orodha ya dunia ilivuka spishi 50,000. Nyuzi za dhahabu zinamwelekeza mtazamaji kwenye jenasi ya Nephila na ndugu yake Trichonephila, zilizotenganishwa na wataalamu mwaka 2019. Kutaja spishi kwa uhakika mara nyingi hudai hadubini na uchunguzi wa viungo vya uzazi. Picha ya simu hufika mahali ikakoma.

Hapo ndipo penye mtihani wa imani na wa akili pia. Qurani, yenye sura nzima iitwayo Buibui, inasimulia katika sura ya pili jinsi malaika walivyoulizwa majina wakakiri kwamba hawajui ila walichofundishwa. Kukiri kule hakukuwapunguzia heshima. Binadamu ndiye mwenye haraka: akishatamka "huyu ana sumu," fimbo inafuata, na buibui ambaye sumu yake ni ya kuulia wadudu, isiyo hatari kwa mtu, anaangushwa kabla hajatazamwa.

Ajabu ni kwamba picha yenyewe hubeba zaidi ya alichokiona mpigaji. Ikikuzwa, pembeni mwa utando huweza kuonekana kidoa cha kahawia kinachodhaniwa takataka. Kina miguu minane. Ni dume, milimita chache tu, aliyekuwapo pale muda wote karibu na jike.