Hasira na Hoja katika Tungo za Kimondo

Je, mpiga kura aliyesisimuliwa na shairi ameamua, au ameamuliwa? Swali hili, ambalo aghalabu hujadiliwa kwa kuitenga akili na hisia, linapata sura mahususi katika tungo za Kimondo. Tungo hizi zilizuka visiwani Lamu wakati wa kinyang'anyiro cha ubunge wa Lamu Mashariki katikati ya miaka ya 1970, na Assibi A. Amidu akazichambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1990.

Muktadha wake una uzito. Baada ya KPU kupigwa marufuku mwaka 1969, KANU ndicho chama pekee kilichosalia nchini Kenya. Hapakuwa na ilani mbili za kulinganishwa. Lililobaki kupimwa ni mtu: uaminifu wake, ahadi alizozitimiza, na heshima aliyowapa watu wake. Haya ni mambo ambayo binadamu huyahisi kabla ya kuyatolea hoja.

Aristotle alieleza kuwa hasira hutokana na mtu kuona amedharauliwa pasipo haki. Basi ndani ya hasira mna dai: kwamba dharau ilitendeka, na kwamba haikustahili. Dai hilo laweza kuwa kweli au uongo. Kumtaka mpiga kura wa Faza au Kizingitini aiweke hasira yake kando ni kumnyang'anya sehemu ya ushahidi wake.

Hata hivyo, hatari ipo. Jina lenyewe humkumbusha msikilizaji Mwislamu vimondo ambavyo mashetani hupigwa navyo. Na shetani hajibiwi, hufukuzwa. Mshindani akishafanywa shetani, hasira haibebi tena dai la kupimwa. Hapa ndipo fani inapoyadhibiti maudhui. Katika majibizano, mtunzi anayeshambulia hujua kuwa atajibiwa, aghalabu kwa bahari ileile, mbele ya hadhira inayozijua pande zote mbili. Uongo hukanushwa, tusi tupu hudhihirika utupu wake.

Kwa hiyo, kigezo tunachokipendekeza si wingi wa hisia katika kampeni, bali iwapo anayeshutumiwa amebakiziwa nafasi ya kujibu. Shairi linaloiacha nafasi hiyo humfikirisha mpiga kura hata linapomghadhibisha. Hotuba isiyoiacha, hata ikitolewa kwa upole na kwa takwimu, imekwisha kumwamulia.