Rehani ya Mdomo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, mtu mwenye dhiki humwendea nduguye akamwambia: "Nikopeshe, nami nitakuwekea nyumba yangu rehani." Huyo humpa fedha kwa kumuamini, pasipo hati wala shahidi. Siku ya kulipa ikifika, mdaiwa husema: "Rehani gani? Niliandika wapi?"

Je, neno lile lamfunga? Wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, rehani hailazimu mpaka ikabidhiwe. Kabla ya hapo mwenye mali aweza kurejea. Ama Imamu Malik, kwake mapatano yenyewe yalazimu, na mwenye mali hushurutishwa kukabidhi. Lakini kwa wote, mwenye kudai hutakiwa ushahidi, na mwenye kukana huapishwa.

Kadhi wetu naye hana mamlaka hapa, kwani Katiba ya 2010 imemwachia mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Mahakama nyingine zafuata Sheria ya Ardhi ya 2012, nayo yataka maandishi. Basi mdai aweza kuikosa rehani.

Ewe mdaiwa, usifurahi! Rehani ikianguka, deni halikuanguka. Na ruhusa ya kurejea si ruhusa ya kukana. Ukirejea, mrudishie mwenzio mali yake. Ama ukiapa kuwa hukusema ulilosema, umeiponya nyumba ya udongo na kuiangamiza nafsi yako.

Nawe mdai, huna udhuru. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ya 282 ya Suratul Bakara, yaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na aya inayoifuata yaitaja rehani iliyokabidhiwa. Watu wetu husema kuandikiana ni kutoaminiana. Hayo si kweli. Mtume wetu (S.A.W.), aliyeitwa Al-Amin, alichukua shayiri kwa Myahudi wa Madina akamkabidhi deraya yake, na akafariki ingali rehani. Ikiwa yeye hakuona aibu kuitoa rehani mkononi, sisi ni nani hata tukasirike tukiombwa sahihi?

Basi mwenye rehani ya mdomo na amwendee mwenzake leo, wachukue mashahidi, waandikiane, wangali hai na wangali wapendana. Kesho watasimama warithi ambao hawakusikia neno lolote.

Wabillahi taufiki.