Hazina Ikikauka, Ni Nani Abebe Hasara?

Mwaka 2022 Marekani ilianza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 ilikwisha pita asilimia 5. Matajiri waliokuwa wakizimwagia mali kampuni changa za teknolojia wakaona faida yapatikana kwao bila ya hatari, wakazuia mikono. Huko Nairobi, Kune ikafungwa Juni 2022, na Zumi Machi 2023.

Natukadirie kijana apangaye chumba katika maghorofa ya Huruma, aandikaye programu za kampuni ya namna hiyo. Yeye aambiwa siku ya kufunga. Bwana wake alijua zamani hazina imebakia miezi mingapi. Je, kunyamaza kule ni halali?

Sisi twaona si halali. Katika mudharaba, mali ikiangamia, mwenye mali hupoteza mali na mfanya kazi hupoteza jasho lake. Lakini mwajiriwa si mshirika. Ujira wake ni deni, apate bwana au akose. Na ikiwa muuzaji hulazimika kuonyesha aibu ya bidhaa, seuze anunuaye umri wa mtu?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yataka ilani ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Hicho ni kima cha chini. Uadilifu ni kusema kweli mapema, kabla kodi ya nyumba haijamfika kijana mkono mtupu.

Nanyi vijana, ulizeni kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si utovu wa adabu.