Ufunguo wa Gari la Marehemu



Ndugu zangu katika imani, leo nasema na wenye kushika funguo za magari ya marehemu. Najua mmo humu msikitini, maana hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo msiba haujaipitia.

Mambo huanza siku ya maziko yenyewe. Gari limeegeshwa uani, ufunguo uko msumarini pale pale alipouacha mwenyewe. Wageni wanaingia kutoka Tanga na lazima wafuatwe stendi. Mchele haujaletwa, turubai halijafika. Kijana wa nyumbani anauchukua ufunguo na hakuna wa kumkataza, kwa sababu anahangaikia msiba wa watu wake. Khitma inasomwa, watu wanatawanyika, ufunguo haurudi msumarini. Miezi inapita gari liko mjini. Bima ikiisha, wakala anaingiza namba ya gari, analipwa, na bima mpya inatoka kwa jina la mtu tuliyemzika sisi wenyewe.

Ndugu zangu, bima ni mkataba, na msingi wake ni kuambiana kweli. Hapa mmoja wa wenye mkataba yuko kaburini na kampuni haijaambiwa. Siku hizi stika ni ya kielektroniki. Askari wa usalama barabarani akitazama ataona bima iko hai na atakuruhusu upite. Lakini siku ya ajali kampuni itauliza mwenye gari yuko wapi, na mliyoyaficha yanaweza kuwa sababu ya kukataa madai. Hata wakikubali kulipa, hundi iliyoandikwa jina la marehemu nani ataiingiza benki?

Na gari lenyewe ni la nani? Mtu akifariki, mali yake si ya mtoto mkubwa, wala si ya yule aliyekuwa akimwendesha hospitali. Aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa zimeshagawa, baada ya deni na wasia. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni 24, na marehemu ameacha mke mmoja, mama mzazi, na watoto wa kiume na wa kike. Mke ana thumni, milioni 3. Mama ana sudusi, milioni 4. Milioni 17 zinazobaki ni za watoto, wa kiume kwa mafungu mawili ya wa kike. Bibi yule aliyekaa kwenye mkeka ana milioni 4 ndani ya gari analoendesha mjukuu wake, na hakuna aliyemuuliza. Mjane yuko edani, miezi 4 na siku 10, hajui hata gari limelala wapi. Likipinduka bila bima kubwa, fungu lake limeondoka. Na kama kuna watoto wadogo, msome aya ya 10 ya sura hiyo hiyo, Allah anavyowataja wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma, kisha mniambie kama safari za mjini zinastahili hatari hiyo.

Lipo zito zaidi, nalo ni damu ya watu. Sheria ya nchi imelazimisha bima ndogo kwa ajili ya yule mwenda kwa miguu na mwenye bodaboda, apate fidia akigongwa. Aya ya 92 ya Suratun Nisaa imeweka diya kwa aliyeua bila kukusudia, ipelekwe kwa jamaa wa aliyekufa, pamoja na kafara. Asiyepata mtumwa wa kumwacha huru afunge miezi 2 mfululizo. Saumu hiyo hakuna kampuni itakayokufungia. Fidia ya yule mjane mwingine, aliyefiwa kwa sababu yenu, isikwame kwa sababu karatasi zenu zilikuwa za uongo.

Nimesikia hoja ya ndugu wanaosema bima yenyewe ina shaka. Ni kweli, Majma ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah mwaka 1985 iliikataa bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya kusaidiana, yaani takafuli. Basi waitafute takafuli, nayo siku hizi inapatikana hapa kwetu. Kenya wameanza tangu 2011. Kujivua bima kabisa, ilhali sheria inailazimisha na maisha ya watu yako barabarani, si uchamungu hata kidogo.

Sasa tufanyeje? Chukueni cheti cha kifo RITA. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Wenzetu wa Zanzibar wanakwenda kwa Kadhi. Msisubiri kadi ibadilishwe jina TRA ndipo muifikirie bima. Wiki hiyo hiyo ya msiba, mmoja wenu aende kwenye kampuni na nakala ya cheti cha kifo na ya kadi ya gari, aseme wazi kwamba mwenye gari amefariki, aulize kama bima iliyopo inaendelea, inamhusu dereva gani, na jina lisomekeje mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Jibu la mdomo msilikubali, liwe barua. Msimamizi akishateuliwa, arudi na barua yake ya uteuzi, bima isomeke kwa jina lake kama msimamizi wa mirathi ya fulani. Ada ilipwe kutoka mali ya marehemu, kwa kuwa ni gharama ya kuitunza, na risiti iwekwe: mahakama inamtaka aorodheshe mali na madeni ndani ya miezi 4, na baadaye atoe hesabu ya kila alichotumia.

Mpaka barua ya kampuni ipatikane, gari likae uani na ufunguo akabidhiwe mtu mmoja kwa makubaliano ya warithi wote. Betri ikilala itachajiwa. Mwenye kazi mjini apande daladala.