Jua Damu Yako Kabla ya Msimu

Wanangu mnaopiga dawa kwenye nyanya na vitunguu, haya nimeyasema hadi nimechoka, lakini nitayasema tena.

Mtu akianguka shambani huku povu likimtoka, sote tunamkimbiza hospitali. Tusiyoijali ni ile sumu ya kila siku: bomba linalovujia mgongoni, nguo za kazi anazofua mkeo kwa mikono mitupu, nyanya iliyopigwa dawa jana na kuchumwa leo. Haba na haba hujaza kibaba.

Msiseme mlipima mkojo mara moja mkaonekana wazima. Dawa ya wadudu kama klopirifosi hutoka mwilini kwa siku chache tu. Ukipimwa wiki ambayo hukushika bomba, mkojo hautasema lolote juu ya wiki iliyopita wala ijayo. Dawa ya DDT ni kinyume: hujificha kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Lazima kirudiwe, na mjue kinatafuta nini.

Tukija kwenye kipimo cha damu: humo kuna kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, kinachoituliza mishipa ya fahamu ikishapeleka ujumbe. Dawa za jamii ya oganofosfeti na kabameti hukizuia kufanya kazi. Sasa nisikilizeni: kiwango chake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Waweza kupoteza theluthi nzima na bado cheti kikaandika kwamba uko sawa. Kipimo chako ni wewe mwenyewe, kabla hujagusa dawa.

Wenzetu wa California, Marekani, walianza kuwapima hivyo wafanyakazi wanaopiga dawa mashambani mwaka 1974. Kiwango kikishuka chini ya asilimia 80 ya kile cha mwanzo, mwajiri hukagua namna kazi inavyofanyika. Kile cha kolinesterasi ya chembe nyekundu za damu kikifika asilimia 70, mfanyakazi huondolewa kwenye dawa mpaka kiwango kipande tena. Hawamsubiri aanguke.

Basi nawasihi. Kabla msimu haujaanza, nendeni kama kikundi hospitali ya mkoa mkaulizie kipimo hicho cha kolinesterasi, kisha mrudi katikati ya msimu. Kila mmoja awe na daftari: tarehe, jina la dawa, saa alizopiga, na kama kichwa kiliuma au macho yalififia. Wake zenu na watoto wanaochuma nao waandikwe. Siku daktari akiuliza, "Ulikuwaje kabla ya dawa?", uwe na jibu.